Nani Anapulizia Mikorosho ya Yatima?

Mkorosho hauachi kuzaa kwa sababu aliyeupanda amefariki. Ukishakomaa huzaa kwa miongo kadhaa, na katika vijiji vya wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mara nyingi ndio urithi pekee wa maana ambao mzazi humwachia mtoto. Lakini mti huo una masharti yake. Usipopaliliwa, na usipopuliziwa salfa wakati wa kuchanua, ubwiriunga huyakausha maua na msimu unapita mtupu. Kupulizia kunataka bomba, mafuta ya kuliendesha na kijana mwenye nguvu za kulibeba mgongoni akipita mti hadi mti. Bibi wa miaka sabini mwenye wajukuu wanne hana hata kimoja kati ya hivyo. Atafanya nini? Ataikodisha mikorosho kwa bei ya shida, au atamuuzia mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo, korosho ambazo bado ziko mtini, na minada inapoanza mwezi Oktoba kilo zile zinapimwa ghalani kwa jina la mtu mwingine. Mtoto wa aina hii ana mali na ana njaa kwa wakati mmoja, na hakuna gari la msaada lililowahi kubuniwa kwa ajili yake.

Magari ya msaada tunayoyazoea huenda kwenye vituo. Ramadhani inapofika, au Krismasi, mchele, mafuta ya kula na magodoro hupelekwa kwenye makao ya watoto, picha zinapigwa, na wafadhili wanarudi na dhamira safi. Sina ugomvi na mchele huo. Aliyeula alikuwa na njaa. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa vipaumbele unaojificha nyuma yake. Watoto wengi waliofiwa au kutelekezwa katika wilaya hizi mbili hawaishi kituoni. Wanaishi kwa bibi, kwa mama mkubwa, kwa mjomba, au kwa dada aliyemaliza darasa la saba juzi. Msaada wenye akili ungewafuata huko, ukaiimarisha nyumba inayowalea na kuilinda mali waliyoachiwa, na kituo kikabaki mlango wa mwisho kabisa, kwa mtoto ambaye milango mingine yote imefungwa.

Kwanza tujue ni watoto gani tunaowazungumzia, kwa sababu takwimu za yatima hupotosha kwa urahisi. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima wapatao milioni 140, lakini waliopoteza wazazi wote wawili walikuwa milioni 15 tu na kidogo. Kwa maneno mengine, yatima tisa kati ya kumi walikuwa na mzazi mmoja aliye hai. Lindi ina sura yake zaidi ya hapo. Picha ya yatima tuliyonayo kama taifa ilichorwa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na mipango mingi ya misaada iliyofuata ilijengwa juu ya picha hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Njombe yakizidi asilimia 11, na Lindi yakiwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo huku kusini hatuna budi kutazama kwingine: vifo vya kawaida vya umaskini, ndoa zinazovunjika, baba anayehamia wilaya nyingine na kuanza upya, mama anayekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki na kumwacha mtoto kwa mama yake. Wengi wa wanaoitwa yatima mitaani hawajafiwa na mtu. Wameachwa.

Wameachwa kwa nani? Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ndio wengi katika eneo hili, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa akina mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Mfumo huu una faida ambayo watunga mipango wa Dodoma hawaioni kwa wepesi: ndoa ikivunjika, mtoto hana shaka anakokwenda. Nyumba ya bibi mzaa mama iko pale, na hakuna kikao cha kuamua. Una na hasara yake, kwamba baba anaweza kujiona amemaliza kazi siku anapoondoka. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 haikubaliani naye. Inamtwika wajibu wa matunzo, ikivitaja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na haijali yuko kwenye ndoa gani. Afisa ustawi wa jamii akiwa na nauli ya kufika kijijini, na bibi akiwa na nauli ya kufika mahakamani, sheria hiyo inaweza kumrudisha baba kwenye hesabu. Kulipia nauli hizo ni hisani pia, ingawa haina picha nzuri.

Sasa, je, ukoo unatosha? Ushahidi wetu wenyewe unasema hapana, na yeyote anayetetea malezi ya familia aanzie hapo. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto wa Kagera waliohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakawatafuta tena mwaka 2004 wakiwa watu wazima. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa wafupi kwa takriban sentimita mbili kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamepoteza karibu mwaka mzima wa shule. Watoto hao walilelewa na ndugu, katika jamii zilizojitahidi. Sentimita mbili za urefu wa mtu mzima maana yake ni miaka ya chakula pungufu ambayo hairudishwi baadaye kwa ufadhili wa chuo. Nyumba iliyompokea yatima ilikuwa maskini kabla hajafika, na ujio wake haukuongeza debe la mahindi. Anayesoma matokeo haya anaweza kusema: basi jengeni vituo. Benki ya Dunia ilipiga hesabu za Kagera hiyohiyo na kuzichapisha mwaka 1997. Kumtunza mtoto mmoja kituoni kuligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama za kumsaidia akiwa katika familia. Pesa inayomlisha mtoto mmoja ndani ya uzio ingeziinua nyumba kadhaa nje ya uzio huo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote halitokani na hisia bali na takwimu, na watetezi wenzangu wa malezi ya familia hupenda kulipita kimya. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu watoto 2,837 wa miaka 6 hadi 12, waliofiwa au kutelekezwa, katika nchi tano: Kambodia, India, Ethiopia, Kenya na Tanzania. Karibu nusu yao waliishi vituoni, waliobaki waliishi na familia. Kwa afya, ukuaji, hisia na uwezo wa akili, watoto wa vituoni hawakuwa na hali mbaya zaidi. Kwa vipimo kadhaa walikuwa na nafuu. Utafiti huu ulifanyika hapahapa kwetu, na hauwezi kutupwa kwa madai kwamba Wazungu hawajui Afrika. Lakini ulilinganisha nini? Kituo chenye wafadhili, chakula cha kila siku na mtu anayelipwa mshahara, dhidi ya nyumba ya kijijini ambayo mara nyingi haina hata kimoja. Kwamba mtoto anayeshiba ana afya kuliko asiyeshiba ni jambo tungelikisia bila utafiti. Swali linalomhusu mfadhili mwenye shilingi milioni kumi mkononi ni jingine: kiasi hichohicho kikipelekwa kwenye nyumba zile zinazolala njaa, mlinganisho utabaki vilevile? Tena utafiti ule haukuhusisha watoto wachanga, na kwa wachanga ushahidi unageuka kabisa.

Kule Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 136 waliokuwa vituoni, wengine wakapelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, wengine wakabaki walipo. Walipokaribia miaka minne na nusu, wa familia walikuwa na wastani wa alama 81 kwenye kipimo cha akili, wa vituoni 73, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Romania si Ruangwa, na vituo vyake vya wakati ule vilikuwa vibaya kupindukia. Lakini utafiti wa watoto wa vituoni hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2014, ulielekea hukohuko: walioingizwa kituoni kabla ya miaka mitano waliripoti kutendewa ukatili mwingi zaidi humo kuliko walioingia wakubwa. Mlezi mmoja wa zamu mwenye watoto wengi hawezi kumfahamu kila mtoto kwa kilio chake, hata awe na moyo wa namna gani. Mtoto mchanga anahitaji mtu mmoja, wa kudumu, anayemtambua usiku.

Hapo linakuja suala la mtoto aliyeokotwa. Anatupwa usiku, hana jina, hana mjomba, na maneno yote kuhusu ukoo hayamsaidii. Ni kweli, na kwa ajili yake lazima kuwe na mahali. Lakini sheria yetu haisemi mahali hapo pawe kituo. Imeweka malezi ya kambo na kuasili, na Ustawi wa Jamii umekuwa na utaratibu wa walezi wa kuaminika, yaani familia zilizochunguzwa na kufundishwa mapema ili mtoto wa dharura apokelewe usiku huohuo na mama halisi mwenye nyumba halisi. Wilaya yenye familia kumi za aina hiyo, zilizo tayari na zinazosaidiwa maziwa, matibabu na nauli, inaweza kumpokea karibu kila mtoto atakayeokotwa kwa mwaka. Kuandaa familia kumi hakuhitaji tofali hata moja. Kwa bahati mbaya, hakuna jiwe la msingi la kuzindua pia. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Rwanda ilianza safari hiyo mapema zaidi. Sisi bado tunahesabu uzinduzi wa jengo kuwa maendeleo.

Kusini tuna sababu ya kihistoria ya kuwa waangalifu na majengo yanayotangulia mahitaji. Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Urambo, yaliyochaguliwa na Waingereza kwa mradi mkubwa wa karanga kuanzia mwaka 1947. Ujenzi wa bandari ulianzishwa Mtwara na reli ikatandikwa hadi Nachingwea kabla ya mtu yeyote kuthibitisha kwamba karanga zingekubali. Hazikukubali. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36, na reli baadaye iling'olewa. Walichosahau ni kumuuliza Mmwera anayeijua mvua ya pale.

Kuna pingamizi jingine, la wenye busara ya mtaani: ukimpa ndugu pesa za yatima, zitaliwa na wakubwa. Zitanywewa, zitaoa mke wa pili. Hofu hiyo ina mifano na si vema kuicheka. Lakini tuna kipimo cha hapa nchini. Kabla Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) haujaeneza ruzuku za kaya maskini nchini kote, majaribio yalifanyika katika vijiji 80 vya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010. Nusu ya vijiji vilipata ruzuku na nusu vikasubiri. Kaya zilizopata zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujiunga na bima ya afya, kuwanunulia watoto viatu na kuongeza mifugo midogo. Kuku, mbuzi na viatu: hivyo ndivyo sehemu ya pesa hizo ilivyoliwa. Wapo waliozichezea, kama walivyokuwepo wasimamizi wa vituo waliozichezea za kwao. Tofauti ni kwamba bibi akizichezea, kijiji kizima kinajua kabla jua halijazama.

Hatari kubwa zaidi ndani ya ukoo, kwa maoni yangu, haiko kwenye ruzuku ndogo ya kila mwezi. Iko kwenye mali, na hapa ndipo mashirika ya hisani yanapokosa kabisa. Kwa mila za ukoo wa mama, warithi wa mwanamume ni watoto wa dada zake. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo wakazi wengi wa Lindi wanaifuata, na kwa mahakama za serikali, wanawe wana haki yao. Zao la muda mrefu kama mkorosho limeufanya mgongano huu uwe mkali: shamba la mihogo halina la kugombewa baada ya mavuno, lakini mikorosho mia moja ni kipato cha kila mwaka. Baba akifa, wapwa wanadai miti, mjane anarudi kwao, na watoto wanaondoka na nguo. Dawa yake inajulikana. Msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama ya mwanzo, miti ihesabiwe, mipaka iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na sehemu ya mtoto itajwe kwa jina. Mfadhili anayemlipia msaidizi wa kisheria kwa mwaka mmoja anaweza kuokoa mapato ya miaka thelathini. Linganisha na godoro. Halafu vijana wenye bomba walipwe kupulizia, na salfa ambayo serikali imekuwa ikiigawa kwa wakulima imfikie mtoto huyu pia, ambaye kwa kuwa hajasajiliwa kama mkulima huachwa nje ya orodha. Ulinzi huu ungepunguza na lile janga la mabinti wa kusini kupelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakiwa na umri wa kuwa darasani. Mara nyingi binti huondoka nyumba inaposhindwa kumlisha, hata kama shule ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hazidai ada tangu Januari 2016. Sare, daftari na chakula cha mchana vinadai.

Atalipa nani? Kwa miaka mingi jibu la haraka lilikuwa Marekani. Sehemu kubwa ya fedha zake kwa yatima ilipitia mpango wake wa UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003, ambao sheria yao iliutaka utenge asilimia 10 kwa watoto yatima na walio hatarini. Mkoa wenye maambukizi machache haukuwa na sababu ya kutangulizwa kwenye foleni hiyo. Januari 2025 misaada ya nje ilisimamishwa, na Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Waliozoea fedha hizo wanahangaika, lakini Nachingwea na Ruangwa zinaweza kuanza mahali pengine. Wilaya hizi, pamoja na Liwale, zinauza korosho, ufuta na mbaazi kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI na vyama vyake vya msingi (AMCOS), kwa stakabadhi ghalani na minada ya wazi. Kila kilo inapimwa, kila malipo yanapita benki. Shilingi tano tu kwa kilo zingetoa Sh milioni 5 kwa kila tani 1,000 zinazouzwa, bila mfadhili, bila pendekezo la kurasa arobaini.

Wakulima watanung'unika kwamba makato yamezidi, nao wana haki. Wamekatwa kwa mengi ambayo hawakuyaona. Ndiyo maana jambo hili lisiletwe kama agizo la mkuu wa wilaya. Liwekwe mbele ya mkutano mkuu wa wanachama pale wanapopitisha makisio ya msimu, wakatae au wakubali, kwa muda wa msimu mmoja wa majaribio. Fedha zisikae mikononi mwa viongozi wa AMCOS, ambao historia ya vyama vingi haiwatetei. Ziende kwenye akaunti inayohitaji saini ya afisa ustawi wa jamii na ya mjumbe wa kamati ya kijiji, na kila robo mwaka kiasi kilichoingia na kilichotumika kibandikwe ofisi ya kijiji, bila kuyaanika majina ya watoto. Kijiji kinachojua idadi ya nyumba zinazolea watoto wasio wao, na kujua mikorosho yao iko wapi, kina kazi ndogo iliyobaki: kuchagua vijana wa kushika bomba mwezi Juni, na kukubaliana watalipwa shilingi ngapi kwa mti.